Kwa Afande Aliyekata Boila Yangu

Nakivale, Jumapili baada ya misa

Afande Kamugisha,

Sikuulizi hali. Ya kwako naijua, ya kwangu nitakueleza mwenyewe. Nimekasirika. Nimekasirika mpaka Konsolata mke wangu amenifukuza mezani leo asubuhi, akasema, "Nenda ukamwandikie huyo Afande wako, mimi nimechoka kugombezwa kwa makosa ya mtu mwingine." Basi nimekaa kwenye ngazi ya mlango na daftari la shule, nakuandikia.

Naanza na wewe. Wengine nitawafikia.

Ulijua. Kabla mvua za Machi hazijaanza ulikuwa umeshaambiwa kwamba tumboni mwako kuna uvimbe, na kwamba umechelewa. Ukazikunja karatasi za daktari, ukazitia ndani ya kopo la nati na bolti, ukaweka kopo kwenye rafu ya juu kabisa, ukaendelea na kazi. Kila Jumanne nilitoka hapa kambini Nakivale na alfajiri nikaja kwako Kakiika, kule Mbarara, nikakukuta umekaa kwenye kigoda mbele ya kibanda chako, unakunywa chai kavu kidogo kidogo. Nikiuliza mbona hunywi na maziwa kama zamani, unasema tumbo lina gesi. Gesi! Miezi mitano ya gesi! Mimi ni mwalimu wa hesabu, si daktari, lakini mkanda wa suruali yako uliutoboa tundu jipya mara mbili mbele ya macho yangu, kwa keekee ile ile tuliyotobolea shaba, na mimi nikacheka. Uliniacha nicheke.

Na unajua nilipata habari ya kifo chako kwa nani? Kwa kijana wa bodaboda. Nilikuwa nimepanda kwenye stendi, nimepakata mfuko wa maharage mapya niliyokuwa nakuletea, nikamwambia anipeleke kwa Afande Kamugisha. Akasema bila hata kugeuka, "Yule mzee wa machuma? Si alizikwa wiki mbili zimepita." Nikamwambia asimame. Nikashuka katikati ya njia nikasimama na mfuko wangu, pikipiki zinapita huku na huku zikinipigia honi.

Nilipofika, Robati mwanao alinipokea vizuri, siwezi kusema uongo. Alinipa kiti. Nikamuuliza mbona hamkuniambia. Akasema, "Mzee, tulipiga namba zote za watu kwenye simu ya baba. Hakuna Mwalimu ndani." Nikatoa simu yangu nikakupigia hapo hapo. Simu yako ilikuwa mfukoni mwake, ikalia. Akaitoa, akaitazama, akanionyesha kioo. Uliniandika "Boila".

Robati akasema, "Tulifikiri ni fundi wa maji ya moto."

Hivyo ndivyo nilivyokosa kukuzika, Afande. Nimekutembelea mwaka mzima na zaidi, nimekula kwako, nimeungua vidole kwako, nawe huna hata akili ya kuandika jina la mtu. Nimefundisha watoto kuandika majina yao kwa miaka thelathini na moja! Hakuna hata mmoja niliyemwandika "Penseli".

Watu wananiuliza tulijuana vipi, Mnyankole wa jeshi na Mrundi mkimbizi. Nawaambia tulijuana tukiwa vipofu, na wanadhani ni mzaha. Ilikuwa hospitali ya macho, Ruharo. Walikuwa wametutia ile dawa ya kupanua mboni, tumepangwa kwenye benchi kama mayai, kila mtu anaona ukungu tu. Ukanigusa goti. "Wewe mzee, vidole yako iko mzima?" Nikasema viko vizima. Ukaniwekea kitu kwenye kiganja, kizito, cha baridi. "Pitisha kidole ndani. Iko laini ama iko na kukwaruza?" Nikapitisha. Nikakuambia upande mmoja kuna mkwaruzo mwembamba kama unywele. Ukapiga paja lako benchi zima likatikisika. "Mimi nilijua! Macho ndiyo ilikuwa inanidanganya."

Nikauliza ni kitu gani. Ukasema ni kipande cha bushi, bomba fupi nene la lori la jeshi, na kwamba unakigeuza kuwa silinda ya injini ya mvuke, injini ndogo ya kukaa juu ya meza. Maji yanachemka ndani ya boila, mvuke unaingia kwenye silinda, unasukuma pistoni, pistoni inazungusha gurudumu. Nikauliza, na gurudumu linafanya nini? Ukasema, "Inazunguka." Nikangoja uendelee. Ukakirudisha kile kipande mfukoni.

Nilikuwa nimestaafu miezi minne wakati huo. Sikukuambia siku ile, lakini miezi ile minne ilikuwa imenimaliza. Nilikuwa naamka saa ile ile ya shule, navaa shati, natia chaki mfukoni, halafu sina pa kwenda. Konsolata ananipita na ndoo, ananiangalia kama fenicha iliyowekwa mahali pabaya. Kwa hiyo uliposema, "Kuja Jumanne, utaona," mimi nilikuja.

Ulinipa tupa na kipande cha chuma ukaniambia nikifanye kiwe sawasawa pande zote nne. Nilijua nitamaliza kabla ya chakula cha mchana. Nilitumia Jumanne sita! Kila nikidhani kimenyooka unakiweka kwenye mwanga, unafumba jicho moja, unasema, "Wewe mwalimu, wacha mdomo, shika tupa." Nikakuchukia. Nikarudi Jumanne ya saba. Siku hiyo ulitazama mwanga, ukafungua droo, ukatoa ile silinda ya Ruharo iliyofungwa kwenye leso. "Hii iko yako. Uliishika wakati mimi siwezi kuona."

Nilikuuliza mara moja tu kwa nini injini ya mvuke, na kwa nini ndogo hivyo. Ulikuwa unapaka grisi. Ukasema ulijifunza kwa mzee mmoja wa reli ulipokuwa kijana, halafu jeshi likakuchukua, na miaka yote jeshini umetengeneza malori. Lori linatoka zima, linarudi na matundu. Unaziba matundu, linatoka tena, na waliokuwa juu yake si wale wale. "Mimi nataka mashini moja yenye haipeleki mtu yeyote mahali." Nami niliyefika Uganda nyuma ya lori, na watoto wawili na godoro, nilielewa. Nikashika tupa.

Sasa lile la boila. Nimelizunguka vya kutosha.

Wewe ulisema shaba ya boila inaunganishwa kwa fedha tu, lehemu ya fedha, kwa moto mkali. Risasi laini, ile ya mafundi wa redio, hapana. Maji yakiisha na moto ukizidi, risasi laini inayeyuka, boila inapasuka usoni mwa watu. Ulisema mara ngapi? Nilikuwa naweza kukuigiza. Niliijenga boila ile miezi mitatu, kwa bomba la shaba la friji kuukuu, na mshono wa chini ukabaki na tundu dogo, tundu la sindano. Lehemu ya fedha ilikuwa imekwisha na wewe ukasema tungoje. Mimi nilikuwa na miaka sitini na mitatu, Afande. Nilikuwa nimechoka kungoja. Nikaichukua nyumbani ukidhani naisugua tu, nikampelekea fundi wa redio pale Base Camp, hapa hapa kambini, akadondosha tone moja la risasi. Dakika moja. Nikasugua kwa majivu na limao mpaka ikang'aa, nikakurudishia Jumanne nikasema fedha kidogo ilikuwa imebaki kwenye fimbo ya lehemu.

Ulitoa kisu chako, ukakwaruza pale pale, kana kwamba boila yenyewe ilikuonyesha. Ukaangalia ncha ya kisu. Ukaifunga boila yangu kwenye jiriwa, ukachukua msumeno wa chuma, ukaikata katikati. Ulikata polepole, ukipumzika, na mimi nilidhani unapumzika ili uniumize zaidi. Kumbe ulikuwa huna nguvu. Hilo nalo ulinificha! Ukamaliza, ukasema, "Wewe utaua watu. Na utakufa nao, na mimi nitasema nini kwa bibi yako?"

Na mimi, mwalimu niliyewasimamisha watoto mbele ya darasa kwa sababu ya kunakili hesabu za wenzao, nilikujibu nini? Nilikuambia, "Wewe ni askari tu. Kujenga hujui, unajua kubomoa." Nikachukua kofia yangu. Mama Jovia, mke wako, alikuwa anaanika nguo, akaniita nikanywe chai, nikapita kama simsikii.

Wiki saba sikuja, mpaka siku ile ya maharage. Nilikuwa nangoja unipigie. Naona sasa kwamba nawe ulikuwa unangoja, na kati yetu wawili ni mmoja tu aliyekuwa na muda wa kungoja, naye hakujua. Kwa hiyo usinitazame kutoka huko uliko kama mimi ndiye mwenye kosa peke yangu. Neno moja lingetosha. "Mwalimu, mimi niko mgonjwa." Ningekuja kwa miguu.

Nimemaliza na wewe. Sasa Robati.

Nilipomaliza kulia pale kwenu, niliomba kuona kibanda. Robati akanipeleka nyuma. Hakukuwa na kibanda, palikuwa na matofali. Anajenga vyumba viwili vya kupangisha. Nikauliza vitu viko wapi: mashine ya kukereza, jiriwa, tupa, injini yangu niliyoiacha juu ya meza na boila iliyokatwa pembeni yake. Akasema alimpa mtu wa vyuma chakavu, vyote kwa pamoja, kwa mkokoteni. "Zilikuwa takataka za mzee, alikuwa anacheza nazo tu." Anacheza! Mtu aliyenyoosha chuma mpaka mwanga usipite chini yake, alikuwa anacheza. Nikamwambia Robati maneno ambayo hapa siyaandiki kwa kuwa leo nimepokea komunyo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba mtu wa mkokoteni alipokuwa anamwaga makopo ndipo karatasi za hospitali zilipoanguka, na kwamba mama yake ndiye aliyeziokota, akazisoma amesimama pale pale kwenye matofali. Walikuwa wanadhani umekufa ghafla. Nikamwachia Mama Jovia maharage nikaondoka.

Siku tatu nimetafuta mkokoteni ule, Afande. Nimeuliza Mbarara kila kona wanakopima vyuma, wananiambia mtu huyo si wa mjini, anapeleka Kabingo. Kabingo! Napita hapo kila Jumanne nikienda na nikirudi. Nyuma ya maduka kuna uwanja wa mama mmoja Mkongo, wanamwita Mama Furaha, amekaa juu ya injini ya trekta kama kiti cha askofu. Nikamweleza. Akanicheka. "Baba, hapa kila mutu anakujaka kulia. Huyu anasema hii ni sufuria ya mama yake, ule anasema ni kinga yake, baiskeli yake. Bintu ni mingi, na byote nimeshapima."

Lakini nilikuwa nimeshaiona. Ilikuwa kwenye rundo la shaba, nusu mbili za boila yangu, na silinda, na fremu. Gurudumu halikuwepo. Nikazielekeza kidole, nikasema hizo ni zangu. Akasema, "Nionyeshe fasi yenye iko alama yako." Watu wakaanza kusogea. Hakukuwa na alama, wewe hukutaka tuandike majina kwenye kazi. Nikafikiri. Kulikuwa na alama moja tu duniani ambayo mimi peke yangu niliijua, ukiacha wewe na fundi wa redio.

Nikasema, mbele ya wale watu wote, "Mama, chukua kile kipande cha chini. Angalia mshono. Utaona lehemu nyeupe inayong'aa imezunguka pande zote. Sasa tafuta mahali ambapo kuna rangi ya kijivu, ndogo, imekwaruzwa kwa kisu. Hiyo ni risasi ya redio. Niliitia mimi kwa wizi, nikamdanganya mwalimu wangu, ndiyo maana akaikata." Akakigeuza kipande juani. Akatafuta. Akapitisha ukucha. "Eh," akasema. "Ni kweli iko. Baba, ulifanya mubaya." Nikasema najua. "Na mwalimu wako alisema nini?" Nikasema amekufa. Akaniangalia, kisha akawafukuza wale watu kama kuku.

Nilikichukua kile kipande nikakiangalia kwa ndani, mara ya kwanza tangu ulipokikata. Risasi ile haikuingia hata kidogo, Afande. Ilikuwa imekaa juu kama plasta. Ndani tundu lilikuwa wazi. Nilikaa chini pale kwenye uwanja wa Mama Furaha.

Nilimletea sufuria mbili kuukuu za nyumbani, akanipa shaba yangu. Jiriwa yako pia ilikuwepo, ile yenye meno yaliyopinda, akanipa pamoja, akasema imemchosha kuhamisha. Konsolata hajanisamehe sufuria yenye mfuniko.

Sasa sikiliza hili, ulikasirikie nawe. Nilikuwa na jiriwa, sina meza ya kuifunga. Kuna karakana ya mafunzo hapa kambini, ina meza ndefu nzuri, mchana nusu yake haina mtu. Nikaenda kuomba pembe moja. Kijana aliyekuwa mlangoni na karatasi zake, sare mpya, aliniuliza umri. Nikamwambia. Akatabasamu kama anayemwona mtoto amevaa viatu vya baba yake. "Mzee, programu hii ni ya vijana. Wazee wana kikundi cha mikeka, na kile cha maombi." Nikamwambia mimi ninasali vizuri na mikeka sijui, nataka kukereza gurudumu. Akasema, "Lakini mzee, utalitumia lini?" Utalitumia lini! Mimi nilimfundisha baba yake kugawanya! Mtu akistaafu wanadhani amejiandikisha kufa, na wanashangaa akichelewa.

Nikarudi nikakata kisiki cha mkaratusi nikakizika nusu mbele ya mlango, nikafunga jiriwa yako juu yake. Hiyo ndiyo karakana yangu. Gurudumu nililipata kwenye puli iliyovunjika ya mashine ya unga, nikalipunguza kwa tupa, wiki tano. Majirani walipita wakasema Mwalimu anawatengenezea sisimizi gari moshi. Nikawaacha. Nilikuwa na lineti zangu, miwani ile ya Ruharo, na nilikuwa naona vizuri.

Boila nimejenga mpya, bomba jipya, miisho mipya. Kwa moto nilikwenda kwa fundi wa friji mmoja Mbarara, kwa kuwa wao wana gesi na fimbo za fedha. Alitaka kunifanyia. Nikamwambia hapana, nishikie tu chupa ya gesi. Nikasafisha shaba mara tatu, nikapaka dawa ya unga, nikangoja mpaka iwe nyekundu kama ulivyosema, nyekundu ya jioni, si ya machungwa. Fedha ilikimbia kwenye mshono yenyewe. Ilizunguka yote, Afande, ikarudi ilikoanzia. Fundi yule akasema, "Nani alikufundisha?" Nikamwambia jina lako lote na cheo chako.

Nikaipima kwa maji mbele ya mlango wangu, mchana kweupe, kama ulivyotaka: pampu ya breki ya lori, geji, shinikizo mara mbili ya lile la kazi. Sikutumia saa. Konsolata alisali rozari kwa sauti, makumi matatu, na sindano ya geji haikurudi nyuma hata unywele. Alipomaliza akasema, "Sasa ondoa hicho kitu mlangoni."

Jumanne iliyopita niliibeba kwa kikapu mpaka Kakiika. Mama Jovia alinikaribisha, nikaiweka juu ya jiwe la kufulia, nikatia maji, nikawasha spiriti. Robati alikuwepo, amesimama mbali na simu yake. Tukangoja. Mvuke ukaanza kuvuja kidogo kwenye silinda, nikasukuma gurudumu kwa kidole. Likagoma. Nikasukuma tena. Likazunguka mara mbili, likasimama. Nilikuwa nimeloa jasho. Nikakutukana, samahani, kwa sauti. Mama Jovia akaja, akachuchumaa, akatazama moto. Akasema, "Mwalimu, hii moto iko kubwa mbele na kidogo nyuma. Hiyo sufuria yako inachemka upande moja." Akavuta taa ya spiriti kwa ncha ya kanga, vidole viwili tu nyuma. Mwanamke huyu amepika uji wa bataliani nzima kwenye kambi yenu ya jeshi miaka ishirini! Akangoja. Akasema, "Sasa."

Nikasukuma. Likaenda.

Lilikwenda, Afande. Halikusimama. Lilikuwa na sauti ya mtu anayepumua haraka akipanda mlima, na gurudumu likawa halionyeshi alama za tupa, duara tu. Robati alisogea, akachuchumaa pia. Aliinua simu apige picha, halafu akaishusha bila kupiga. Baadaye akaniuliza ile mashine ya kukereza mtu angeweza kuipata wapi sasa. Nikamwambia akatafute mwenyewe, miguu anayo. Nina hasira naye bado.

Maji yalipoisha nikazima. Mama Jovia alibaki amechuchumaa. Akasema, "Ndiyo hii alikuwa anafanya ndani?" Nikasema ndiyo hii. Akasema, "Mimi nilikuwa naomba kuingia. Anasema chuma hapana kitu ya mwanamke, nitajikata. Nilikuwa napitisha chai kwa dirisha."

Kwa dirisha, Kamugisha. Hilo nimelihifadhi mpaka mwisho kwa sababu ndilo linalonichemsha kuliko yote. Mimi nilikaa ndani ya kibanda kile Jumanne zote hizo, nikipokea kikombe dirishani, na sikuwahi kuuliza. Ulimficha ugonjwa na ulimficha furaha, vyote viwili, mtu aliyelala ubavuni mwako miaka arobaini. Ulikuwa unamwogopea nini? Anajua moto kuliko wewe na mimi.

Ameniomba nimfundishe. Ana miaka sitini na minane. Amesema, "Jovia na Robati watacheka," nikamwambia waache wacheke, jiriwa haisikii. Keshokutwa ni Jumanne. Nitampelekea tupa na kipande cha chuma, akinyooshe pande nne. Sitamfokea kama ulivyonifokea. Labda kidogo.

Nakuaga sasa, Afande. Konsolata ameniita mara mbili na chakula kinapoa. Padri anasema wafu wanatuombea, basi niombee mikono isitetemeke kwa miaka michache, na ukipata nafasi niombee msamaha kwa neno lile la mwisho. Uliijua kazi ya kujenga. Nilikuwa mwongo mara mbili siku ile.

Na hii ndiyo ahadi yangu, ishike: hakuna risasi ya redio itakayoingia tena kwenye kazi ya mikono yangu wala ya Mama Jovia. Na siku mwili wangu utakapoanza kuniangusha, nitamwambia Konsolata jioni ile ile, kisha nitapanda gari nije Kakiika nimwambie Mama Jovia, kwa mdomo wangu, mlango ukiwa wazi.

Mimi, Salvatori, mwanafunzi wako.